Hadjara na Mvua ya Habari Njema

Watu wa ufuko wa Rumonge wanajua mambo matatu barabara: kukamua mawese, kukausha ndagala, dagaa wa ziwani, na kununiana. La kwanza Hadjara binti Zubeir aliwaachia wa Kizuka wenye michikichi yao. La pili na la tatu hapakuwa na wa kumfikia, kuanzia hapo mpaka Magara.

Alikuwa mjane wa mvuvi, watu wakimwita Mama Uledi, mwembamba kama mpini wa jembe, na ulimi wake, walisema majirani, ungeweza kukwangua magamba ya samaki. Mali yake yote duniani ilikuwa kipande cha mchanga, hatua ishirini kwa kumi na mbili, pale pale mitumbwi inapofikia asubuhi. Zamani palikuwa shimo la tope. Yeye na marehemu mumewe walibeba changarawe nyeupe kichwani miaka sita mpaka pakainuka, na sasa ndagala zikimwagwa pale saa mbili asubuhi, saa nane zinalia kakaka mkononi.

Wakati wa amani mtu aliweza kuanika popote. Vita ilipoingia, askari walifunga fukwe zote wakabakiza moja, ili mitumbwi isivushe watu wa msituni wenye bunduki, na wanawake wa pwani nzima wakasukumwa hapo wakabanana kama ndagala zenyewe ndani ya beseni. Kila mmoja akawa anatazama mchanga wa mwenzake. Wa Hadjara ulitazamwa mpaka ukakaribia kuchubuka.

Aliyeutazama kwa njaa kubwa zaidi alikuwa Esperance, mke wa Mardochée, shefu wa mtaa. Esperance alivuka kutoka Kivu na cherehani moja na kiburi cha cherehani kumi, akapata kipande cha chini kabisa, mawimbi yanapolamba. Ndagala zake zilikauka upande mmoja, upande wa pili zikioza. Kila asubuhi wanawake hao wawili walisalimiana, Esperance akianza:

"Amahoro, Mama Uledi. Bado uko?"

"Niko. Na wewe bado uko ndani ya maji? Utaota mapezi, mama."

Baada ya hapo hawakusemeshana tena mpaka kesho yake.

Sasa, Hadjara alikuwa na kazi ya pili, kazi ya Jumamosi: kuzuia mvua ya harusi. Alidai ameirithi kwa bibi yake wa Ujiji, ambaye siku moja alimeza radi akidhani ni muhogo wa moto, akakaa wiki nzima anatoa cheche kila akipiga chafya, hata jirani wakaacha kununua kiberiti. Mwenye harusi alileta sukari na kitenge. Hadjara aliuchomeka mchi kichwa chini nyuma ya nyumba, akaufunga uzi mwekundu, akanong'ona maneno ambayo hata yeye hakuyajua maana.

Ukweli wenyewe ulikuwa ng'ambo ya ziwa. Milima ya Ubwari ikipotea ndani ya ukungu wa vumbi, hakuna mvua. Ikisogea mpaka ukaona makorongo yake moja moja, mvua iko njiani. Hadjara alichungulia milima kwanza. Ikiwa imefichika, alipokea sukari. Ikiwa wazi, alishikwa na tumbo. Na kwa siku zile ambazo milima yenyewe ilimdanganya alikuwa na kinga yake: sharti. "Mpaka karamu iishe," aliwaambia watu, "mtu yeyote asimwage maji chini. Atakayemwaga, huyo ndiye ameita mvua, mchi wangu haumo." Ni harusi gani duniani ambayo hakuna aliyemwaga maji? Ikinyesha, aliuliza kwa upole, "Nani ameosha vikombe?" Na kila mara alipatikana mtu.

Hivyo ndivyo alivyomharibia Lukeba. Lukeba, mvuvi mkubwa wa mabega, mdogo wa maneno, alioa ikanyesha hata wali ukaelea. Hadjara akauliza swali lake, na vidole vyote vikamwelekea mama mkwe wa Lukeba, aliyekuwa amesuuza sahani. Bibi huyo alijitwika mizigo yake, akarudi Kabezi akiwa amelowa, na kwa miaka minne hakukanyaga tena kwa mkwewe. Mke wa Lukeba alimkumbusha jambo hilo kila mlo.

Mambo yangeishia kwenye harusi kama si vita. Lakini vita ina mikutano mingi kuliko harusi, na Hadjara akaanza kuona kitu.

Mwaka ule wa kwanza wa nchi jirani kutufungia mipaka, mwezi wa sita, kiangazi kikavu kabisa, redio ilisema saa za kutotembea zitapunguzwa. Watu wakashangilia. Kabla shangwe haijaisha ikanyesha mvua ya mawe Kizuka, mawe makubwa kama mayai ya bata, na jogoo mmoja aliyepigwa utosini akawa anawika saa saba mchana mpaka alipochinjwa. Mwezi uliofuata ilikuwa sikukuu ya bendera. Wakasema mwaka huu tutaandamana bila hofu. Ikashuka mvua, ngozi za ngoma zikalegea, zikawa zinalia kama sufuria ya sombe inayochemka. Kisha ikaja habari mbaya: chumvi imekwisha, petroli imekwisha, barabara ya kaskazini imevamiwa tena. Na jua? Jua likakaa wiki tano katikati ya masika, kama mgeni aliyesahau njia ya kwao. Ndagala zilikauka zikawa nyepesi kama maganda ya vitunguu.

Hadjara akalisema hadharani, mikono kiunoni, katikati ya ufuko:

"Jamani, sikilizeni. Habari njema inanyesha. Habari mbaya inakausha. Mkubwa akisema amani, kimbizeni samaki ndani. Akisema tumekwisha, mwageni!"

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha, kwa kuwa samaki hana mzaha, wakaanza kulifuata. Kadidja, mwenye redio, aliwekwa karibu na mlango wa ghala. Akipaza sauti "Wameafikiana!" mikeka ilikunjwa. Akisema "Wamekataana!" ilitandazwa. Wachuuzi nao wakajifunza: habari ikiwa nzuri, wananunua upesi kabla ya kunyesha. Mara saba kati ya kumi ilikuwa kweli, na zile tatu nyingine zilisahauliwa, maana ndivyo watu walivyo.

Neno hilo likamfikia Mardochée. Kadidja ndiye aliyelipeleka, ili naye asogezewe hatua mbili za mchanga. Mardochée alikuwa mtu wa kanisa, shati lake jeupe hata siku ya tope, na alisema daima kwamba mambo ya mvua na mchi ni ya wasiomjua Mungu. Jumatano asubuhi alisimama mbele ya changarawe ya Hadjara, mke wake nyuma yake, Lukeba na fimbo ya doria pembeni, na ufuko mzima umesogea kusikiliza.

"Mama Uledi. Unasema habari mbaya ndiyo inakukaushia samaki?"

"Si mimi, shefu. Ni jua."

"Kwa hiyo unaombea vita."

"Mimi naombea wateja."

"Usicheze na mimi! Jumamosi anakuja mkubwa kutoka Bujumbura. Anakuja kusema neno la amani, hapa, mbele ya watu. Kila tukiita mukutano, mvua. Kiangazi, mvua! Watu wanasema wewe uko muvurati, mwenye kuita mvua, unaharibu kazi ya serikali."

"Wewe shefu si ulisema kanisani kwamba wavurati hawapo?"

Watu wakaguna. Mardochée akapiga hatua moja juu ya changarawe.

"Hawapo," akasema. "Ila wewe uko mmoja wao."

Esperance akasogea mbele. "Muambie sharti lake mwenyewe. Si ni yeye aliyetufundisha? Anayemwaga maji ndiye anayeita mvua."

"Vizuri," akasema Mardochée. "Kuanzia kesho alfajiri mpaka mukutano uishe, haugusi maji. Hauogi, haunywi, haufui. Utakula ndizi, utanyonya muwa. Lukeba atakulinda. Na kila mwanamke atamwaga ndagala zake siku hiyo, hata kama malaika atatangaza amani. Nataka mugeni aone pwani nyeupe, aone kama watu wetu hawaogopi. Mchanga huu ataanika bibi yangu Esperance, kwa kuwa wewe utakuwa umekaa mbele ya watu." Akainua kidole. "Na ikinyesha, Mama Uledi, jioni hiyo hiyo unahama. Mchanga na mtaa. Utafute barabara."

Barabara ile kila mtu aliijua. Watu walipanda gari asubuhi, na jioni zilirudi kandambili zao tu. Hadjara alitazama nyuso za wanawake aliokaa nao miaka. Mmoja alikuwa anachokonoa meno. Mwingine alikuwa anapima kwa macho, taratibu, ni hatua ngapi zingemfikia yeye.

"Nimesikia," akasema. "Lakini changarawe yangu, mkeo asiitemee mate."

Siku mbili alikaa chini ya bati la baraza lake, na Lukeba juu ya kigoda mbele yake, fimbo magotini. Joto la mwezi wa nane lilikuwa kali hata mijusi walitembea kwa ncha za vidole. Aliposwali alitayamamu kwa mchanga wake mwenyewe, aliouomba aletewe kikapuni. Alinyonya muwa mpaka nzi wakamfanya ndugu yao.

"Lukeba, baba," akasema Ijumaa, "midomo imepasuka. Nilambe ukungu tu wa chupa?"

"Mama mkwe wangu alisuuza sahani tatu," akasema Lukeba. "Tatu. Na ulimtaja."

"Kwani si alisuuza?"

"Nyonya muwa."

Hayo ndiyo mazungumzo yao marefu kuliko yote.

Jumamosi alfajiri Hadjara alifumbua macho akatazama ng'ambo. Milima ya Ubwari ilikuwa imesogea kama watu wanaokuja kudai mahari. Aliona makorongo, aliona mashamba, angeapa aliona mbuzi mmoja na kengele yake. Mwezi wa nane wote milima ilikuwa imejificha, na leo, leo hii, imenawa uso.

Kadidja akapita na beseni la ndagala mbichi. Akasimama kwenye uzio, asimtazame machoni.

"Da Hadjara. Nimwage kweli?"

Ulimi wa Hadjara ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma. Akisema usimwage, basi amejua kabla, na anayejua kabla ndiye aliyeita; Lukeba yuko pale na masikio yake. Akinyamaza, ufuko mzima unaoza. Aliwaza hatua mbili za mchanga ambazo Kadidja aliahidiwa.

"Shefu si ameamuru?" akasema. "Mimi ni nani?"

Kadidja akaenda akamwaga. Wote wakamwaga. Saa nne ufuko ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa, na peupe kuliko pote palikuwa changarawe ya Hadjara, ambapo Esperance aliviringisha mikono ya gauni na kutandaza beseni baada ya beseni, akiimba wimbo wa kanisa.

Mgeni alifika na gari mbili na askari. Walimwekea kivuli cha majani ya michikichi, meza, kitambaa, glasi na jagi la maji. Hadjara alikalishwa kwenye kigoda juani, mbele ya wote, mikono juu ya magoti iliyogeuzwa viganja juu ili ionekane mikavu. Watoto walimrushia maganda ya miwa, wakubwa hawakuwakataza.

"Huyu ndiye?" mgeni akauliza.

"Ndiye, muheshimiwa," akasema Mardochée. "Leo tumemufunga."

Mgeni akaongea. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu aliyekunywa chai na maziwa. Akasema vita ni mbaya. Watu wakapiga makofi. Akasema wavuvi wamevumilia. Wakapiga zaidi. Kisha akasema kwamba fukwe zilizofungwa zote zitafunguliwa kabla mwezi haujaisha, kila mtu arudi kuanika kwao.

Hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote tangu vita ianze. Watu waliruka, walikumbatiana, vigelegele vikapanda. Hadjara peke yake hakushangilia. Nyuma yake upepo ulikuwa umegeuka. Ulitoka ziwani ukiwa baridi, na harufu ya ndagala, iliyokuwa ikienda kwenye milima siku nzima, ikarudi ikampiga kisogoni. Kisha mbali, juu ya Ubwari, kitu kikaburuta meza nzito.

Vigelegele vikakatika kama vimekatwa kwa kisu. Watu wote wakageuka, si kutazama mbingu. Walimtazama yeye.

"Mtazame mikono!" Mardochée akapiga kelele. "Lukeba, mikono yake!"

Lukeba akainama, akashika viganja vya Hadjara, akavigeuza huku na huku. "Mikavu."

"Ametema mate?"

"Mate atayapata wapi?"

Mgeni alikuwa amekaukiwa na koo kwa kuongea. Akakohoa, akanyoosha mkono kwenye glasi. Mardochée, mtumishi mwema, akanyakua jagi na kumimina. Lakini macho yake hayakuwa kwenye glasi. Yalikuwa kwa Hadjara, yamemkazia, yanangoja kumwona akinyonya kidole au akijikojolea. Glasi ikajaa. Ikafurika. Maji yakatambaa juu ya kitambaa, yakafika ukingoni, yakashuka chini kwenye vumbi, yakafanya shimo dogo jeusi, na jingine, na jingine. Hadjara aliyaona kabla ya mtu mwingine. Kwa siku mbili hakuwa amewaza kitu kingine ila maji. Angesikia tone likidondoka Kigoma.

Akafungua midomo iliyopasuka na kuuliza swali lake la miaka yote, kwa ule upole wake:

"Nani amemwaga?"

Lukeba akageuka. Akaona jagi. Akaona mkono wa shefu unaochuruzika mpaka kwenye kiwiko cha shati jeupe. Na miaka minne ya chakula cha jioni ikamtoka kifuani kwa sauti iliyowaamsha viboko wa Rusizi:

"Shefu amemwaga! Jamani, shefu amemwaga maji! Si mama mkwe, si mtu mwingine, ni shefu!"

Tone la kwanza likampiga Mardochée kwenye paji la uso, kana kwamba lilitumwa kwake kwa jina.

Mvua ile haikunyesha, ilibomoka. Ilikuwa nene hata kuku walipiga mbizi, na mtu mmoja alisimulia baadaye kwamba alikwea mvua yenyewe mpaka kwenye paa. Wanawake walikimbilia mikeka, wakateleza, wakaanguka juu ya samaki, wakatukanana kwa Kirundi, Kiswahili na Kibembe. Ndagala za ufuko mzima zilirudi ziwani zikiwa zimekufa. Za Esperance ndizo zilizoondoka upesi kuliko zote, kwa kuwa changarawe iliinuliwa vizuri na maji yalishuka juu yake kama kwenye bati.

Mgeni, viatu vimejaa, aliingia kwenye gari. Kabla ya kufunga mlango akauliza, "Huyo muvurati wenu ni nani hasa?" Na vidole mia, vile vile vilivyokuwa vikimwelekea Hadjara tangu asubuhi, vikamwelekea Mardochée. Mgeni akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akafunga mlango.

Hadjara hakuondoka kwenye kigoda. Aliinua uso, akafungua kinywa, akanywa.

Jioni hiyo Mardochée hakuja kumhamisha. Angemhamisha kwa neno gani? Alikaa ndani, amefunga madirisha, na wanawake waliopoteza kila kitu kwa amri yake walipita mbele ya mlango wake mmoja mmoja, na kila mmoja alimwaga kikombe cha maji kizingitini.

Lakini usidhani walimpenda Hadjara kwa hilo. Chini ya kitanda chake kulikuwa na magunia matatu ya ndagala kavu, zile za kabla ya Alhamisi, magunia pekee makavu pwani nzima, na jambo hilo walilitazama kwa macho mekundu. Wachuuzi wakaja kwake peke yake. Kadidja alikuja kununua kitoweo, hakusalimu, akanyoosha bakuli akiwa amegeuza uso ukutani.

"Ulijua," akasema.

"Ningekuambia, ungenipeleka kwa nani?" akajibu Hadjara, akamjazia bakuli, si sana.

Fukwe hazikufunguliwa mwezi ule, wala uliofuata. Habari ilikuwa mbaya, na jua likawaka vizuri sana. Wote wakarudi kubanana kwenye mchanga ule ule, isipokuwa kwamba sasa hakuna aliyethubutu kutandaza mkeka karibu na wa Hadjara. Waliokuwa kulia wakajivuta hatua tatu, waliokuwa kushoto hatua tatu, wakiogopa, wakitema mate, wakabanana wenyewe kwa wenyewe mpaka wakapigana viwiko. Hadjara akazipima hatua zile kwa miguu, huku tatu na huku tatu. Siku ya pili akamwaga ndagala hapo pia.

Esperance alipita na beseni lake, akielekea chini kwenye maji.

"Amahoro, Mama Uledi. Bado uko?"

"Niko," akasema Hadjara. "Sogea kidogo, mama. Unanikingia jua."